Kifaa Kisichojulikana

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, kwa hiyo mawimbi nayajua. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonewa huruma isiyonistahili. Mtu asiyejua mawimbi angesameheka. Mimi huwachorea wanafunzi ubaoni namna wimbi linavyogonga ukuta, linavyopenya, linavyonywewa njiani likafika limechoka, kisha nikirudi nyumbani nikakuta mtandao umekwama, naanza kutafuta mchawi.

Mke wangu ni muuguzi, na husoma kila ninachoandika. Akifika kwenye ukurasa huu atajua jambo ambalo sijamwambia mpaka leo. Huenda ndiyo sababu nimekaa kuuandika, maana mdomo nimeujaribu mara nyingi na umenigomea.

Tunaishi Newala, nyumba ya bati na tofali za saruji, si mbali na ukingo ambapo uwanda wa juu unakatika na bonde linaanza. Ruta tuliinunua tulipohamishia watoto shule ya bweni na nyumba ikawa kimya. Ni kiboksi cheupe chenye antena mbili, nikakipigilia kirafu chake kwenye korido, katikati ya nyumba. Niliwaambia watu kwamba ni kwa ajili ya kazi, kuandaa masomo na kupandisha matokeo ya wanafunzi mtandaoni. Hilo lilikuwa kweli kidogo. Kweli nyingine, tena kubwa, ilikuwa mpira, na kundi la tuliosoma pamoja ambamo tunabishana kuhusu mambo yasiyomhusu yeyote kati yetu.

Mtandao ulikuwa mzuri hadi mwezi wa kumi, mama mkwe wangu alipokuja kutoka Mkunya. Macho yalikuwa yanamwishia. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba lote la kulia, la kushoto lilibaki kama kioo chenye mvuke, na daktari alisema asubiri madaktari wa macho watakapopita. Mke wangu akakataa mama yake aendelee kukaa peke yake kule. Mama akakubali kwa sharti moja, kwamba korosho zake zije naye. Alikuwa ameokota msimu mzima kwa kupapasa, na hakuwa tayari kumwachia mtu azichambue. Zikaja gunia kumi na nne. Tukazipanga katika chumba kilicho kati ya korido na sebule, zikafika karibu na boriti, na nyumba nzima ikanuka mabibo, yale matunda ya mkorosho.

Kwa asiyejua desturi zetu, lazima nieleze namna mimi na mama yule tulivyokaa nyumba moja. Mkwe ni mtu wa kuogopwa. Simtazami usoni, siingii chumbani kwake, sili naye, na simwambii jambo moja kwa moja kama naweza kulipitisha kwa mtu mwingine. Asubuhi nilisimama koridoni nikainamisha kichwa nikasema, "Shikamoo, mama," naye kutoka uani akajibu, "Marahaba, baba, umeamkaje?" Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku. Mengine yote alimwambia mke wangu, mke wangu akaniambia mimi. Mimi ni Mmakua wa Chiungutwa na nimeoa kwa Wamakonde, lakini kwenye suala la mkwe hatutofautiani sana. Heshima ile naipenda. Inampa kila mtu nafasi yake. Kosa langu halikutokana nayo, ingawa nimewahi kujaribu kulibebesha huko.

Mama alikuwa na simu, tena simu nzuri kuliko yangu. Alitumiwa na bintiye mdogo, shemeji yangu, ambaye alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Safari ile ilivunja undugu. Mke wangu alimkataza, wakatukanana, na tangu siku hiyo dada na mdogo mtu hawakupigiana tena. Mama alimruhusu, lakini ruhusa yake ilikuwa ya kulazimishwa. Alimwambia, "Nenda, lakini moyo wangu haujaridhika." Kwetu neno hilo si dogo. Binti aliondoka nalo.

Kwa hiyo kati ya Newala na Uarabuni njia ilikuwa moja tu, simu ya mama. Kila Ijumaa mchana mwajiri wake alipokwenda kwa ndugu zake, binti alipata kama nusu saa, akapiga simu ya picha. Mama alikaa uani kwenye mkeka, akalisogeza jicho la kushoto karibu kabisa na kioo, na nikiwa sebuleni nilimsikia akisema, "Geuka, mwanangu, nione shavu. Umekonda." Mke wangu aliiunganisha simu ile na ruta yetu siku mama alipofika. Laini yake haikuwa na bando, haja haikuwepo, na simu ya kawaida kutoka kule binti hakuimudu. Hayo yote niliyajua. Naapa niliyajua.

Wiki mbili baadaye mke wangu akaitwa Masasi kwenye mafunzo ya mwezi mzima, na Jumamosi nazo wanasoma. Tukabaki mimi na mkwe wangu, kila mtu na upande wake wa nyumba. Aliyetuunganisha ni jirani yetu wa nyumba ya juu, mwanamke mjane, Mmakonde wa damu. Alikuja kila siku kupika na kumkandia mama macho, alileta ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini tunayoila kama viazi, na alipitisha maneno. "Mama anasema sukari imeisha." "Mama anauliza kama umekula." Akiondoka alijaza ndoo yake kwenye tenki letu la maji ya mvua, maana bomba la mtaa hutoka kwa zamu na zamu yenyewe haieleweki.

Sasa mtandao. Tangu mwezi ule wa kumi ulikuwa umeharibika, kwangu mimi niliyekaa sebuleni. Mchezaji anakimbia na mpira, anafika kwenye boksi, anaganda mguu juu. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na kinapoacha kuzunguka watu wameshashangilia na mimi sijui nani kafunga. Nikampigia mhudumu wa wateja. Akaniambia nizime, nisubiri, niwashe. Nikazima, nikasubiri, nikawasha. Nikapigia tena, mwingine akaniambia vilevile kwa sauti tamu zaidi. Nikahamishia ruta dirishani, nikairudisha. Nikaiweka ndani ya sufuria kubwa iliyolazwa ubavu, ili sufuria isukume mawimbi kuja sebuleni, nikakaa mbele yake kama mtu anayeota moto. Nikalaumu ukungu. Newala ukungu wa asubuhi ni mzito kweli, lakini saa nane mchana jua likiwaka ukungu ungetoka wapi? Ndipo nikaanza kulaumu watu.

Nilijiuliza ni nini kilichobadilika nyumbani tangu mwezi wa kumi. Swali zuri, swali la mwalimu wa fizikia. Jibu nililolipata ni kwamba jirani ameanza kuja kila siku. Gunia kumi na nne za korosho nilizipita koridoni mara ishirini kwa siku na sikuziona.

Alhamisi moja jioni nikamkuta jirani kwenye tenki. Nikamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoitana, nikamuuliza, "Hivi mtandao wetu mnautumia na kule kwenu?"

Akacheka. "Tunauchota! Tena kwa ndoo kubwa. Mmakua una mtandao wa nini wewe? Kwenu Chiungutwa si mlikuwa mnapiga mluzi?"

Hapo ndipo palipo kosa langu la kwanza, na ni kosa ambalo mtoto wa kusini hana ruhusa ya kulifanya. Sisi Wamakua na Wamakonde ni watani. Mtani ukimwita mwizi hajitetei. Anakiri, tena anakiri zaidi ya ulichomshitakia, anakuuliza umebakiza nini aje akimalizie. Ndiyo njia ya kukuambia kwamba shutuma yako haiwezekani kabisa, mpaka inachekesha. Nimekua nikiyasikia hayo misibani na harusini. Lakini nilikuwa nimekosa dakika ishirini za mpira, na nilikuwa na hasira.

"Sitanii," nikamwambia.

"Hata mimi sitanii. Asubuhi nachota, jioni nachota. Wanangu wanaogea mtandao wako mpaka wanang'aa."

"Basi kuanzia leo usichote kitu hapa. Hata maji."

Alinitazama muda mrefu akisubiri nicheke. Sikucheka. Akainua ndoo iliyokuwa imeshajaa, akaimimina yote ndani ya tenki, polepole, asimwage hata tone. Kisha akaenda zake na ndoo tupu. Hakurudi siku iliyofuata, wala ile nyingine.

Nikaingia ndani nikafungua kompyuta. Ruta zina ukurasa wao, ukiandika nywila unaona vifaa vyote vilivyoungana nayo. Vilikuwa vitatu. Simu yangu ilikuwa na jina, kompyuta yangu ilikuwa na jina. Cha tatu kiliandikwa "kifaa kisichojulikana", na chini yake mlolongo wa herufi na tarakimu. Nikahesabu simu za nyumba hii. Ya mke wangu iko Masasi. Yangu hii hapa. Nikarudia kuhesabu, na mara zote mbili sikumhesabu mama aliyekuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu. Sina maelezo bora ya kutoa. Nilikuwa nimezoea kutomtazama, na nadhani macho yakizoea kutomtazama mtu, akili nayo inajifunza.

Pembeni ya mlolongo ule kulikuwa na neno "Zuia". Nikalibonyeza. Nilisikia raha, siwezi kukataa. Nilisikia raha ya mtu aliyekamata mwizi.

Kesho yake Ijumaa nilirudi kutoka msikitini nikamkuta mama uani, amejifunga kanga mpya, simu iko magotini. Nikatoa shikamoo yangu kutoka mlangoni nikapita. Alikaa pale mpaka kivuli cha mpapai kikahama mkeka mzima. Nikajisemea anasubiri simu ya mke wangu.

Mtandao wangu haukupona. Mchezaji aliendelea kuganda mguu juu. Mtu mwenye akili angesema, kumbe mwizi hakuwa mwizi, akaenda kuomba radhi. Mimi nilisema mwizi alikuwa mmoja tu kati ya matatizo, na nikarudi kwenye ukungu.

Ijumaa ya pili mama alinena nami. Jirani hakuwepo tena wa kupitisha maneno, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfukuza, kwa hiyo mama alifanya wanachofanya watu wa heshima wakikosa mjumbe. Akamwambia kuku. Kulikuwa na kuku jike mwekundu akidonoa karibu na mkeka, na mama akasema kwa sauti ya kunifikia, "We kuku, hivi leo simu za watu zinaita? Au ni yangu tu?"

Nilimsikia vizuri. Nilijua kabisa kwamba kuku haulizwi habari za simu. Lakini nilikuwa natazama kiduara kikizunguka, na nikajibu bila kuinua kichwa, nikimwambia ukuta, "Mtandao leo unasumbua watu wote, kuku asiwe na wasiwasi."

"Haya," mama akasema. "Kama ni watu wote, basi."

Nikikumbuka "basi" ile natamani ardhi inimeze. Alikuwa ametoa ombi kubwa kwa jinsi alivyoweza, mimi nikalijibu kwa mzaha. Ningesimama tu, nikamwomba aweke simu mlangoni niitazame, ningeona. Isingechukua dakika moja.

Ijumaa ya tatu hakuuliza kuku wala ukuta. Alikaa, akasubiri, kivuli kikahama, akakunja mkeka wake mwenyewe. Mke wangu alimpigia simu ya kawaida karibu kila jioni, na nilimsikia mama akimjibu, "Sijambo. Nakula. Macho ni yale yale." Habari za mdogo mtu hakuzitaja, maana dada mtu asingependa kuzisikia. Na kwa macho yale asingeweza kuona kialama kidogo juu ya kioo kinachosema hakuna intaneti. Kwake yeye simu ilikuwa nzima. Ila Ijumaa haikuita.

Jumamosi yake kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikaja kuzipeleka korosho kwenye ghala la ushirika. Mama alikuwa amemaliza kuzichambua. Vijana wa kubeba wakatoa gunia kumi na nne, nikafagia chumba, nikajimwagia maji, nikakaa sebuleni. Mpira ukawa unatiririka. Hakuna kiduara, hakuna mguu juu. Nikainua kichwa nikatazama. Ruta iko koridoni, mimi niko hapa, na katikati, mahali palipokuwa na ukuta mnene wa korosho zenye mafuta na unyevu wake, sasa hakuna kitu. Wimbi lilikuwa linanywewa njiani. Nilitazama mpira ule hadi mwisho na sikufurahia hata bao moja.

Nikajua nimemwonea jirani. Nikasema nitakwenda kesho. Kuhusu kile kifaa kisichojulikana, na kwamba kama si cha jirani lazima kina mwenyewe, sikutaka kufika huko. Nadhani sehemu ya akili yangu ilikuwa imeshafika, na nikaizimia taa.

Mke wangu alirudi Jumapili mchana. Alikwenda moja kwa moja uani, na kutoka koridoni nikamsikia mama akisema, kabla hata ya kuuliza safari, "Mdogo wako amenichoka. Ijumaa tatu hajapiga. Ana haki. Nilimtoa hapa kwa maneno mabaya."

Mke wangu akatua begi lake chini. Kisha nikasikia, "Hebu lete simu, mama." Akaibonyeza, akaigeuza huku na huku, akaja nayo koridoni uso umekunjamana. "Imeunganishwa, lakini inaandika haina intaneti. Hebu nitazamie kwenye kompyuta."

Nikafungua ule ukurasa. Akanisomea herufi na tarakimu kutoka kwenye mipangilio ya simu ya mama, moja moja, kama muuguzi anavyosoma namba ya chupa ya dawa, nami nikawa nazifuata kwa kidole kwenye kioo changu. Zote zilikuwa sawa. Pembeni yake paliandikwa "Imezuiwa".

"Inasemaje?" akauliza.

"Imezuiwa."

"Imezuiwa na nani?"

Kiswahili chetu kina huruma kwa wakosaji. Unaweza kusema imezuiwa, imevunjika, imepotea, na usimtaje mtu yeyote, mpaka atokee mwenye kuuliza "na nani". Mke wangu aliuliza. Alikuwa upande wa pili wa kompyuta, hakuona kioo.

"Na mtandao wenyewe," nikasema. "Yale magunia ya korosho. Yalikuwa yanakata mawimbi. Nimegundua jana yalipotoka."

Nikabonyeza "Ruhusu".

Simu ikalia mkononi mwake, kisha ikalia tena, ikawa inalia mfululizo, ti, ti, ti, kama mvua inayoanza juu ya bati. Tukaenda uani. Mke wangu akakaa kwenye mkeka na mama yake, mimi nikabaki mlangoni, nimeinamisha kichwa. Kulikuwa na simu nyingi zilizokosa kupokelewa, zote za Ijumaa. Na kulikuwa na jumbe za sauti, tatu. Mama akasema, "Weka zote. Anza na ule wa kwanza."

Sauti ya shemeji yangu ikatoka, ya haraka, ya mtu anayejibana jikoni. "Mama, shikamoo. Mkataba wangu unaisha. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, nirudi au niongeze. Mimi nimechoka, mama. Ukisema rudi, narudi. Nataka niisikie kwako tu. Nipigie, au mwambie mtu anitumie hata neno moja."

Wa pili ulikuwa mfupi. "Mama, naona simu haipokelewi. Bado una kinyongo na mimi? Niambie basi hata kama unacho."

Wa tatu haukuwa na haraka. "Haya, mama. Nimeelewa. Nimetia saini leo asubuhi, miaka miwili. Nikirudi na kitu mkononi labda moyo wako utaridhika. Chukua dawa zako za macho."

Kuku alikuwa anadonoa. Mke wangu alikuwa analia bila sauti, kwa ajili ya mdogo wake ambaye hakuwa ameongea naye muda wote ule. Mama hakulia. Alishika simu mbele ya jicho lake la kushoto akitafuta uso, lakini ujumbe wa sauti hauna uso. "Weka tena ule wa kwanza," akasema. Tukausikiliza tena. "Ukisema rudi, narudi." Akausikiliza mara nne.

Ningeweza kusema pale. Mlango ulikuwa wazi, hatua tatu tu. Nikawa najiambia kwamba mkwe hazungumzi na mkwe mambo kama hayo, nitamwambia mke wangu kwanza, naye atampelekea. Nikajificha ndani ya heshima kama mwizi anavyojificha msikitini.

Kwa jirani nilikwenda jioni ile. Nilimwomba radhi kwa maneno kamili. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndoo yangu iko pale. Nenda ukaijaze." Nikaijaza nikamletea. Alinisamehe kwa namna hiyo, na siku ya pili alikuja na ming'oko na akanitukana vizuri kabisa. Ila aliniuliza kwamba kama hakuwa yeye, mwizi alikuwa nani. Nikamwambia korosho.

Ijumaa iliyofuata simu iliita. Mke wangu alikuwa amebadilishana zamu kazini ili awepo. Mama akabonyeza kitufe cha kijani, akasogeza jicho, na shemeji yangu akapiga kelele ya furaha iliyosikika hadi barabarani. Mambo yakaanza kupangana. Dada na mdogo wakasalimiana, kwanza kama watu wa ofisini, kisha wakaanza kuongea kwa pamoja. Mama akamwambia kwa mdomo wake kwamba moyo umeridhika, umeridhika siku nyingi, kwamba alikaa kwenye mkeka Ijumaa zote tatu. "Ningesema rudi," akasema. "Ningelisema kabla hujamaliza kuuliza."

"Mkataba hauvunjiki sasa, mama," shemeji akasema. "Pasi yangu ya kusafiria wanayo wao. Lakini miaka miwili si mingi." Kisha, kwa kutaka kuwachangamsha, akaniita. "Yuko wapi shemeji fundi? Shemeji, ahsante kwa kututengenezea. Hivi tatizo lilikuwa nini?"

Mke wangu akaigeuza simu ikanitazama mlangoni. Mama naye akageuza uso kuja upande wangu, lile jicho moja likinitafuta. Sijawahi kutazamwa na mkwe wangu kabla ya siku ile. Watu watatu walikuwa wananisubiri.

"Gunia za korosho," nikasema. "Zilikuwa zimeziba njia."

"Korosho zangu?" mama akauliza. Hakumuuliza kuku wala mke wangu. Aliniuliza mimi.

"Ndiyo, mama."

Akarudisha jicho kwenye kioo, karibu, mpaka pua ikakigusa. "Kumbe ni mimi, mwanangu," akamwambia bintiye. "Walinikataza nisizibebe, nikang'ang'ania. Nimekufungia njia kwa mikono yangu mwenyewe. Nisamehe."

Na binti, kutoka jikoni kwa watu, akawa anamwambia, "Usilie, mama, ungejuaje? Nimekusamehe." Nilisimama pale nikasikiliza mpaka nusu saa yao ikaisha.